Mwezi unatuhama: mawe ya fuko za kale yanahesabu, na Katanga imekalia ufuko kama huo

LUBUMBASHI. Barabara inayotoka Lubumbashi kwenda Likasi na Kolwezi hailali. Makamyo ya migodi yanapita mchana na usiku, yamebeba kobalti na shaba, ile ambayo wazee wa Katanga huiita mukuba. Anayesimama kando kuyapisha anaona mali inayoondoka. Mwanajiolojia anaona na kitu kingine: sehemu kubwa ya mukuba huo ilichimbwa katika mawe ambayo zamani sana yalikuwa potopoto ya ufuko wa bahari.

Leo Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, na bahari iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,000. Hata hivyo, kuanzia takriban miaka milioni 880 iliyopita, ardhi ya sehemu hii ilipasuka na kutitia, maji ya chumvi yakaingia. Yalijaa mabwawa ya kina kifupi na fuko tambarare, mahali ambapo maji yalifunika udongo kwa muda, yakaondoka, yakarudi tena.

Kwingineko duniani, wataalamu wanaosoma mawe ya fuko za namna hiyo wamepata humo jibu la swali ambalo mtu asingetegemea kulikuta kwenye udongo: zamani Mwezi ulikuwa umbali gani kutoka Dunia, na siku moja ilikuwa na saa ngapi?

Sentimita 3.8 kwa mwaka

Mwezi Julai 1969, wanaanga wa Apollo 11 waliacha juu ya Mwezi kifaa chenye vioo vidogo vingi. Tangu hapo, vituo vya uchunguzi hapa Duniani hupiga mwanga wa leza kuelekea kwenye vioo hivyo na kupima muda unaotumia kwenda na kurudi, ambao ni sekunde mbili na nusu hivi. Kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana, umbali unapatikana kwa usahihi mkubwa. Wastani wake ni kilomita 384,400, na kila mwaka unaongezeka kwa sentimita 3.8. Ni karibu sawa na urefu ambao ukucha wa mkono ungefikia kwa mwaka kama usingekatwa.

Kinachousukuma ni bahari. Mwezi unavuta maji ya bahari na kuyafanya yavimbe upande unaouelekea na upande wa pili wa Dunia. Lakini Dunia inajizungusha haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo inaburuta uvimbe huo wa maji na kuupeleka mbele kidogo ya Mwezi. Uvimbe nao una uzito, nao unavuta: unauvuta Mwezi mbele katika njia yake, na Mwezi unaovutwa mbele hupanda na kwenda mbali zaidi. Wakati huohuo msuguano wa maji juu ya sakafu ya bahari unafanya kazi ya breki kwa Dunia. Kama dereva wa kamyo anayeshuka mlima huku akikanyaga breki kidogokidogo, Dunia inapunguza mwendo. Siku inarefuka. Mzunguko ambao Dunia inaupoteza, Mwezi unaupokea.

George Darwin, mwana wa Charles Darwin, aliyafanyia mambo haya hesabu huko Uingereza tangu karibu mwaka 1880. Tatizo lilijitokeza baadaye. Mtu akichukua mwendo wa leo na kurudisha hesabu nyuma, akizingatia kwamba Mwezi unapokuwa karibu nguvu hizo zinakuwa kubwa mno, anakuta kwamba Mwezi na Dunia vingekuwa vimegusana miaka kama bilioni 1.5 iliyopita. Hilo haliwezekani, kwa sababu mawe yaliyoletwa kutoka Mwezini yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 4.

Kwa hiyo mwendo wa leo si mwendo wa siku zote. Mabara yanahama, bahari zinafunguka na kufungwa, na umbo la bahari za leo, hasa Atlantiki, linafanya maji yajae na kupwa kwa nguvu kuliko ilivyokuwa katika nyakati nyingi zilizopita. Ili kujua ya zamani, hesabu za makaratasi hazitoshi. Anahitajika shahidi aliyekuwepo, na shahidi huyo ni udongo.

Bamvua na maji mafu

Kwa mtu wa Lubumbashi, Kalemie au Bukavu, kujaa na kupwa kwa maji si jambo la kila siku. Ziwa Tanganyika lina mawimbi ya upepo, lakini halipandi na kushuka kwa kufuata Mwezi kiasi cha mtu kuona kwa macho. Waliofika Muanda, Dar es Salaam au Mombasa wameona: asubuhi mtumbwi unaelea, mchana umelala juu ya mchanga mtupu. Shuleni jambo hilo linafundishwa kwa jina la Kifaransa, marée. Waswahili wa pwani, ambao maisha yao yanategemea maji hayo, wana maneno mawili yanayohitajika hapa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, Jua na Mwezi huvuta kwa pamoja na maji hujaa sana na kupwa sana: hiyo ni bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, Jua na Mwezi havisaidiani, na maji husogea kidogo tu: hayo ni maji mafu.

Maji yanapoingia kwa nguvu hubeba mchanga. Yanapotulia kabla ya kugeuka, udongo laini uliokuwa ukielea hushuka polepole na kufunika mchanga ule. Kila kujaa kwa maji kunaacha tabaka moja la mchanga lenye utando wa udongo juu yake. Wakati wa bamvua tabaka linakuwa nene, wakati wa maji mafu linakuwa jembamba. Likifukiwa haraka na kugeuka jiwe, linabaki hivyohivyo.

Miaka bilioni ikishapita, mtu anakata jiwe hilo na kuona mistari: minene, inapungua, myembamba, inaongezeka, minene tena. Anahesabu mistari kutoka wembamba hadi wembamba, naye amepata idadi ya siku katika nusu ya mwezi. Lugha yenyewe inarahisisha maelezo, maana kwa Kiswahili Mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja.

Jiwe halitaji saa wala kilomita. Linataja uwiano tu, yaani mwezi mmoja ulikuwa na siku ngapi. Ili kufika kwenye kilomita, inabidi kuongeza kanuni ya fizikia iliyotajwa hapo juu: kile ambacho Dunia imepoteza katika kujizungusha, Mwezi umekipata katika safari yake. Kwa uwiano huo na kanuni hiyo, urefu wa siku na umbali wa Mwezi hupatikana pamoja.

Barberton, miaka bilioni 3.22

Kumbukumbu ya kale zaidi inayofaa kwa hesabu hiyo iko hapahapa Afrika. Ni katika milima ya Barberton, jimbo la Mpumalanga, Afrika ya Kusini, karibu na mpaka wa Eswatini, katika kundi la mawe liitwalo Moodies. Mawe hayo ya mchanga yana miaka bilioni 3.22. Milima hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Mwaka 2000, Kenneth Eriksson na Edward Simpson walichapisha vipimo vya unene wa matabaka ya Moodies na kuonyesha kwamba yalifuata bamvua na maji mafu. Mwaka 2023, Tom Eulenfeld na Christoph Heubeck wa Chuo Kikuu cha Jena, Ujerumani, walirudia hesabu hiyo kwa mbinu mpya. Walipata kwamba unene ulijirudia kila baada ya matabaka 15. Mizunguko miwili, yaani mwezi mzima, ilikuwa na matabaka 30.

Mtu anaweza kuuliza: kwani mwezi wa leo hauna siku 29 na nusu? Tofauti iko wapi? Wahesabu maji hawatumii siku ya Jua. Wanatumia siku ya Mwezi, ile inayopita kutoka Mwezi kuwa juu ya kichwa hadi kuwa hapo tena, ambayo leo ni saa 24 na dakika 50. Kwa kipimo hicho mwezi wa leo una siku 28.5, si 30. Tofauti ya siku moja na nusu inaonekana ndogo, lakini ikiingizwa katika kanuni inatoa picha nyingine kabisa. Mwezi ulikuwa kwenye asilimia 70 hivi ya umbali wa leo, yaani kama kilomita 269,000, na siku ilikuwa na saa 13 hivi. Kwa hesabu hiyo mwaka mmoja ulikuwa na siku kama 670, na mwezi wa kalenda ulikwisha kwa muda ambao sisi tungeuita siku 17. Angani Mwezi ulionekana mpana kuliko leo kwa karibu nusu ya upana wake, ila hakukuwa na jicho la kuutazama. Viumbe wa wakati ule walikuwa vijidudu vilivyotandaa kama utelezi juu ya mchanga, na alama zao zimo katika mawe hayohayo ya Moodies.

Namba ya 15 haikutoka kirahisi, na hapo ndipo ugomvi wa kazi hii ulipo. Wakati wa maji mafu, maji huweza kuwa dhaifu hata yasifike mahali husika, na siku hiyo haiandikwi. Dhoruba moja huweza kufuta matabaka ya wiki nzima. Mwenye duka anayekuta daftari limechanika kurasa hawezi kujumlisha mauzo ya mwaka kama kwamba kurasa zote zipo. Ndiyo maana watafiti wa Jena walilazimika kuingiza katika hesabu uwezekano wa matabaka yaliyopotea. Idadi inayopatikana kwa kuhesabu tu ni kiwango cha chini, na anayeisahau hiyo anaupeleka Mwezi mahali ambapo haukuwa.

Mtu aliyebadili mawazo

Kisa cha Australia kinaonyesha hatari nyingine. Katika mawe yaitwayo Elatina, kusini mwa nchi hiyo, mwanajiolojia George Williams alikuta mistari myembamba iliyopangika vizuri mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliamini kwamba kila mstari ni mwaka mmoja na kwamba makundi ya mistari yanaonyesha mizunguko ya Jua. Habari hiyo ilivuma. Baadaye Williams mwenyewe alirudi kwenye mawe, akachunguza zaidi, akakiri kwamba mistari hiyo haikuwa miaka. Ilikuwa maji ya kujaa na kupwa.

Kukiri huko kulizaa matunda. Katika miche ya mawe iliyotolewa kwa mashine ya kutobolea, ile ambayo wafanyakazi wa migodi ya Katanga huiita karoti, Williams alikuta mizunguko 1,580 ya bamvua na maji mafu iliyofuatana, sawa na miaka 60 hivi. Kumbukumbu ndefu namna hiyo inaonyesha hata majira ya mwaka. Jibu lake: miaka kama milioni 620 iliyopita mwaka ulikuwa na siku 400, siku ilikuwa na saa 21.9, na Mwezi ulikuwa kwenye asilimia 96.5 ya umbali wa leo. Kuanzia wakati ule hadi leo umesogea kwa wastani wa sentimita 2.17 kwa mwaka, pungufu sana ya 3.8. Hapo ndipo lile fumbo la Mwezi kugusana na Dunia lilipoanza kulegea.

Shahidi mwingine, pia wa Australia, hakutumia maji ya bahari hata kidogo. Katika mawe ya chuma ya Joffre Gorge, yenye miaka bilioni 2.46, watafiti walisoma mabadiliko ya hali ya hewa yanayosababishwa na kuyumba kwa mhimili wa Dunia. Mwaka 2022 walitangaza umbali wa kilomita 321,800 na siku ya saa 16.9. Ukiziweka namba hizi kwa mfuatano wa miaka, 269,000, kisha 321,800, kisha kama 371,000, na leo 384,400, zinakwenda upande mmoja ingawa zimetoka kwenye mawe na mbinu tofauti. Zikipingana siku moja, angalau itajulikana ni mawe gani ya kurudiwa.

Na mawe ya Katanga?

Yeyote aliyefanya kazi katika migodi ya Gécamines anayajua majina haya hata kama hakusoma jiolojia: R.A.T., D.Strat, R.S.F., R.S.C., S.D. Ni vifupisho vya Kifaransa vya matabaka ya ile iitwayo Série des Mines, na ndiyo yanayoongoza uchimbaji tangu enzi za Union Minière. Mgodi wa Étoile, pale Kalukuluku, ulioanza kuchimbwa karibu na wakati mji wenyewe ulipoanzishwa mwaka 1910, uko katika matabaka hayo.

Jacques Cailteux, mwanajiolojia aliyefanya kazi katika migodi hiyo, alichapisha mwaka 1994 maelezo marefu kuhusu mahali ambapo kila tabaka liliumbwa. D.Strat na R.S.F., mawe ya dolomi yenye mistari myembamba, ni ya ufuko ambao maji yaliufunika na kuuacha, na wa mabwawa ya chumvi iliyokauka. R.S.C., lile jiwe gumu lenye vitundu ambalo wachimbaji hawalipendi kwa sababu mara nyingi mukuba wake ni haba, lilijengwa na stromatoliti, yaani vilima vidogo vya vijidudu vilivyoota chini ya maji ya kina kifupi. S.D. ni udongo uliotulia mahali penye maji mengi zaidi. Mbao mbili za mukuba, ya chini na ya juu, ziko hasa upande huu na upande huu wa R.S.C. Kwa maneno mengine, kinachopelekwa kwenye mashine ya kusaga ni ufuko wenyewe.

Kwa kuwa mawe haya ni ya kale kuliko Elatina, siku iliyopita juu ya fuko za Katanga ilikuwa na chini ya saa 22. Jua lilichomoza juu ya mahali ambapo leo ni Kolwezi zaidi ya mara 400 kwa mwaka. Hilo linaweza kusemwa kwa kutegemea mawe ya wengine. Kulisema kwa kutegemea mistari ya D.Strat ni kazi nyingine, na ni ngumu kwa sababu tatu.

Kwanza, bwawa lililofungwa nusu na bahari halipokei maji kwa nguvu ileile ya ufuko ulio wazi, na mistari yake inaweza kuwa ya mvua, ya kiangazi, au ya vijidudu vyenyewe vilivyotandaa utando juu ya utando. Mistari peke yake haithibitishi Mwezi, kama Williams alivyojifunza. Pili, chumvi iliyokuwa katikati ya matabaka iliyeyuka, na mawe yaliyokuwa juu yake yakavunjika. Tatu, miaka kama milioni 550 iliyopita mabara yalisukumana na kuukunja ukanda wote huu kuanzia Kolwezi hadi Zambia. Vipande vya Série des Mines, ambavyo wanajiolojia huviita écailles, vilikatika na kutupwa huku na huku, vingine vikasimama wima, vingine vikapinduka. Mwenye kutafuta mistari 1,580 iliyofuatana bila kukatika katika kipande cha namna hiyo ana kibarua.

Upande wa pili wa mpaka kuna somo ambalo wanafunzi wa jiolojia wangepaswa kulisikia mapema. Mwaka 1976, Harry Clemmey alitangaza katika jarida la Nature kwamba amepata, katika mawe ya ukanda wa shaba wa Zambia, vijishimo vya wanyama wenye umri wa miaka kama bilioni moja. Kama ingekuwa kweli, hao wangekuwa wanyama wa kale kuliko wote waliojulikana. Mwaka 1980 Preston Cloud na wenzake wakaonyesha mhusika ni nani: mchwa. Wadudu wa leo walikuwa wametoboa mawe ya kale na kuyajaza udongo. Mtu wa Katanga, ambaye kichuguu kinamzidi urefu nyuma ya nyumba yake, angeweza kuwanong'oneza tangu mwanzo.

Hata hivyo ugumu si sababu ya kuyaacha. Mawe ya Moodies pia yamekunjwa, tena yana umri zaidi ya mara tatu ya yale ya Katanga, na bado yalisomeka pale mahali pazuri palipotafutwa kwa subira. Mwaka 2021 na 2022 watafiti wa mradi wa kimataifa walitoboa mashimo manane Barberton, wakatoa karoti za urefu wa karibu kilomita 3, kwa ajili ya kusoma ufuko ule tu, bila kutafuta dhahabu. Karoti hizo zilipangwa katika jengo mjini, na wakaaji wa Barberton waliruhusiwa kuingia kuziona.

Katanga imetobolewa kwa zaidi ya miaka 100. Hapa karoti inatolewa kwa sababu ya mukuba: inachorwa, inapasuliwa katikati, nusu moja inasagwa na kupelekwa maabara kupimwa asilimia ya shaba na kobalti. Nusu ya pili inarudi ndani ya sanduku. Mistari inayohitajika kwa hesabu ya Mwezi ina unene wa milimita chache, na katika nusu hiyo iliyobaki bado inasomeka kwa rula na kioo cha kukuzia, ilimradi sanduku halijamwagwa, halijalowa mvua, na namba ya kina iliyoandikwa pembeni bado inaonekana.